Kitufe Chenye Sahihi ya Mwenyekiti

Manyoni, Jumamosi jioni. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi liko hadi kwenye meno.

Nimejifungia chumbani na sinthesaiza, kinanda cha umeme cha kwaya, na ninaogopa kuitazama.

Sinthesaiza hii ina mapigo yake ya ndani. Kompyuta yangu, yenye ngoma na besi za kwenye programu, nayo ina yake. Ili nirekodi vyote pamoja, lazima kimoja kikubali kufuata mapigo ya kingine. Mpangilio huo unafunguliwa kwa kitufe kimoja tu cha sinthesaiza.

Kitufe hicho kimebandikwa solotepu, na juu ya solotepu kuna sahihi.

Ni ya mwenyekiti wa kwaya. Kijana mmoja aliwahi kukichezea, kinanda kikapiga disko katikati ya msiba. Mwenyekiti akakifunga kitufe kwa solotepu na sahihi, kama tunavyofunga makabati ofisini. Nasema tunavyofunga kwa sababu huko ofisini pia ndiye bosi wangu. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na yeye ndiye atakayesema nibaki au niondoke.

Kila akiniuliza wimbo wa jubilei ya parokia nilioagizwa kurekodi umefikia wapi, najibu, "Vizuri, mzee."

Leo kwenye mazoezi niliviwasha kwa pamoja, kidole huku, kidole kule. Kufika ubeti wa pili vilikuwa vimeachana. Mama Neema, kiongozi wa sauti ya kwanza, alicheka akishika mbavu.

"Mwanangu, kimoja kimefika Dodoma, kingine bado kinapakia Itigi!"

Nikamweleza habari ya kitufe.

"Si ubandue?"

"Sahihi ya mzee, mama."

"Basi mwombe. Kwani anang'ata?"

Nilicheka na wenzangu, nikavizima vyote viwili.

Nilipofika nyumbani nikainua pembe ya solotepu kwa ukucha. Pembe tu. Vumbi likaingia kwenye gundi, sasa haishiki. Nimeibonyeza, nimeikandamiza kwa kikombe cha chai ya moto. Inanyanyuka tena.

Na kitufe chenyewe bado sijakibonyeza.

Yaani nimeharibu sahihi ya bosi, na wimbo bado sina. Solotepu mpya ipo dukani, lakini sahihi ya mtu siwezi kuighushi. Hata mikono isingekubali.

Kesho baada ya misa nitampelekea sinthesaiza ikiwa hivi hivi, pembe juu. Nitasema shikamoo, na kabla hajamaliza marahaba nitamwomba aibandue mwenyewe.

Akiniuliza wiki zote hizi nilikuwa namwambia nini, nitajibu nini? Vizuri, mzee?