Makala Tisa na Ng'ombe wa Abba

Ijumaa, mtaani Kiwanjani. Upepo haujatulia tangu asubuhi na kompyuta imejaa vumbi.

Nimekataliwa tena. Ni mara ya nne tangu nimalize uzamivu. Natafuta kazi ya utafiti chuoni, ya miaka miwili, niendelee na kile ninachokijua: jinsi malisho yanavyorudi baada ya ukame.

Safari hii profesa aliyenikataa ameniandikia mwenyewe. Anasema barua yangu inataja "makala machache tu", lakini alipofungua viambatisho akakuta tisa. Mbona nimeyaficha? Kuna nafasi nyingine kwao, inafungwa leo saa kumi na moja jioni. Niandike upya.

Sikuyaficha. Ndivyo nilivyolelewa.

Abba, baba yangu, ni mfugaji kijijini Korbesa. Ukimuuliza ana ng'ombe wangapi atakujibu "iko kidogo tu", hata mwaka ule walipojaa boma mpaka wengine wakalala nje. Kwetu mali hai haitajwi kwa idadi, isije ikapatwa na jicho baya. Nikiwa na miaka saba nilimtajia mgeni idadi yao, kwa majivuno. Abba hakunigombeza. Wiki hiyo hiyo ndama akafa.

Nina shahada tatu na najua ndama hafi kwa kuhesabiwa. Bado naamini nilimuua mimi.

Basi nimeshinda hapa naandika "tisa", nafuta, naandika, nafuta. Saa nane, nikijua Abba ametoka msikitini Merti, ambako simu inashika, nikampigia. Nikamweleza yote kwa Kiborana. Akauliza swali moja: hao watu wanataka kunipa kazi, ama kuniangalia na jicho baya?

Kunipa kazi, nikasema.

Nilisikia lori likipasha injini karibu naye. Halafu akahamia Kiswahili chake cha sokoni, kile anachoongea na wanunuzi asiowajua. Nadhani aliona kwa lugha hiyo haitauma sana.

"Ng'ombe yangu mimi nitakuambia iko ngapi," akasema. Akataja. "Haya. Sasa wewe sema yako."

Miaka minne nimeandika kuhusu ukame wa eneo lake, nimehesabu nyasi mche kwa mche, na sijawahi kuthubutu kumuuliza yeye amebakiwa na nini. Nililia, nikaweka simu mbali asisikie. Nadhani alisikia, kwa sababu alingoja.

"Tisa, Abba."

"Mashallah. Andika hiyo."

Barua nimeituma saa kumi kasoro robo. Sentensi ya kwanza inasema nimechapisha makala tisa. Sijui kama watanichukua. Wakinichukua, chuo chao kiko mbali, Korbesa nitafika kwa nadra, na hilo nalo linaniuma. Kesho asubuhi natafuta gari la Merti, nikakae naye siku mbili kabla jibu halijafika.

Idadi aliyonitajia siiandiki hapa. Ni yake. Miaka yote aliposema "iko kidogo tu" ilikuwa ni adabu, na sisi nyumbani tulijua. Leo nimejua kwamba sasa ni kweli, ukame umemwachia wachache, na idadi hiyo ameitoa ili mimi nisiogope.