Uzi ya Wavu kwa Bulangeti ya Mutoto

Mama Constance wa gazeti,

Salamu mingi, na uvumilie mwandiko yangu, juu naandika na mutoto kwa magoti. Naomba unisaidie kuchagua uzi. Mi ni muke wa Casimir hapa Baraka, nilizaliwa Lubondja kwa balimaji, huku kwa ziwa nilikuja kwa ndoa tu, mwaka juzi, na sasa tuko na mutoto musichana wa miezi saba, Émilienne, na ngozi yake, mama, ni ngozi ya shida, kitu kidogo tu inavimba, inakuwa nyekundu, anajikuna mpaka damu.

Mavyala yangu, mama ya Casimir, alimufumia bulangeti ya sufu nyekundu, alifuma miezi mbili na macho yake ile haioni tena muzuri, na siku aliileta bajirani bote balikuja kuangalia, mi nilipiga magoti kushukuru, na kesho yake shingo ya mutoto ilikuwa imejaa vipele. Nikatoa bulangeti, vipele vikapunguka. Nikarudisha, vikarudia. Sasa nikisikia tu miguu ya mavyala kwa lupango, mule kwa uwanja yetu, nakimbia kumufunika mutoto, akienda namufunua, na kila siku ni vile, sina raha, hata chakula nakula nikisimama.

Basi nikasema mi mwenyewe nitafuma ingine, juu kwa foyer, pale banamama banajifunza kazi za mukono, mwalimu wetu Dorothée ametufundisha kroshe. Ile uzi ya pamba ya duka iko laini sana, niliishika, nikairudisha, bei yake ni ya bibi za bakarani. Lakini kwa nyumba, chini ya kitanda, Casimir aliweka madonge ya uzi ya pamba ya kushona wavu mupya. Nilichukua moja nyeupe, kisha nyeupe ingine, kisha tatu zenye rangi ya kahawia, nzuri kabisa, nikafikiri itafaa kwa ukingo na kwa maua ya katikati. Nilisema nitamwambia kesho, na ile kesho haijafika mpaka leo.

Casimir alipotaka kuanza wavu akakuta madonge tano hayako. Hakuniuliza mi, juu nani atafikiri mwanamuke ana kazi na uzi ya wavu? Alimuuliza mudogo wake Isidore, anayelala nyumba ya nyuma na anamusaidia kushona nyavu. Isidore akasema hapana. Casimir akamwambia ameuzisha. Balitupiana maneno mabaya mbele ya mama yao, Isidore akakunja mukeka wake akaenda Swima kuvua kwa mutumbwi ya bantu bengine. Mi nilikuwa pale mulangoni, mutoto kwa mugongo, kazi yangu imefichwa kwa kitunga ya mihogo, na sikufungua kinywa. Toka siku ile mavyala hali chakula muzuri, Casimir hasemi na muntu, na mi nafuma haraka haraka nikifikiri ikishaisha nitapata namna.

Sasa mama, shida ni hii: nimefika nusu, nimejaribu kumulaza Émilienne juu yake, na pale kwenye kahawia amejikuna kuliko kwa sufu. Ni uzi gani basi, laini, ya bei ya bantu kama sisi, itafaa hii ngozi? Nijibu upesi.

Mi, Adolphine, Baraka

*Mama Constance anajibu*

Mwanangu, barua yako niliisoma mara mbili, nilifikiri nimeruka karatasi. Umeniuliza uzi, na katikati ya uzi umemuficha muntu.

Nianze na mutoto, juu yeye hana kosa. Ile kahawia uliipenda si urembo. Bavuvi banachemsha magome ya miti, banatia uzi ndani, maji ya ziwa isiiozeshe, na ile dawa ya magome ndiyo inamuwasha mutoto. Hapo pwani hata batoto badogo banajua. We ni wa Lubondja, hukujua, na hukuweza kuuliza juu ulikuwa umeiba. Fumua kahawia yote, usibakize hata ua moja.

Nyeupe ni pamba, inaweza kufaa. Ichemshe na sabuni ya kipande, isuuze maji tatu, ianike. Kisha funga kipande ndani ya kiwiko chako siku nzima, halafu kwa muguu wa mutoto. Kusipotoka wekundu, fuma, na kroshe kubwa, matundu wazi, hapo uzi kidogo inaenda mbali na bulangeti inabaki laini. Uzi ikipunguka, uko na singlendi ya zamani ya bwana yako, ile imefuliwa mpaka imechoka? Ikate kuzunguka iwe utepe mwembamba, uivute, itajikunja yenyewe, ufume nayo kama uzi. Ile haina bei, na duka haina laini kuipita.

Bulangeti ya mavyala usiikimbie. Kaa naye chini, umuonyeshe shingo ya mutoto. Yeye pia alizaa, vipele anavijua. Iwekeni juu ya ile ya pamba, sufu isiguse ngozi, na mama wa bantu asidanganywe tena kwa kazi ya macho yake.

Sasa Isidore. Aliitwa mwizi kwa kazi ya mukono wako, na we ukaendelea kuhesabu matundu. Usiniambie ni juu ya mutoto. Uzi uliichukua juu ya mutoto, nakubali. Kunyamaza ulinyamaza juu yako.

Usingoje bulangeti iishe. Sema mbele ya Casimir na mama yake, juu ni mbele ya mama Isidore alitukanwa. Sema hivi tu: "Uzi nilichukua mi. Isidore hakugusa." Usitangulize machozi. Casimir akikasirika, ana haki, mwache amalize. Kisha mwende Swima bote, na mutoto, na ile nusu ya bulangeti, mumuombe Isidore musamaha, Casimir naye. Muntu anayeshona nyavu kila siku anajua uzi kwa vidole. Kwa mutoto wa kaka yake angekuchagulia mwenyewe ile laini, ungemuuliza tu.

Majina yenu nimeyabadilisha. Lakini madonge tano, mbili nyeupe na tatu kahawia, siwezi kubadilisha, na Baraka banasoma. Kwa hiyo hii karatasi nakutumia kwanza kwa mukono wa muntu anayekuja huko. Gazeti itafika wiki moja nyuma yake, na Casimir ataifungua kama bengine. Asikie kwako.