Plasmidi Zako Hazikuwa Tupu, Zuhura

"Plasmidi za marehemu zilikuwa tupu, hazikubeba jeni lolote." Ndivyo alivyosema mkuu wa maabara yako kikaoni, mbele ya kamati, shoga yangu. Mwongo! Na leo namjibu.

Maneno hayo aliyaanzia msibani kwako, Mikindani. Ni mtani wako, kwa hiyo alizuia jeneza na kupiga kelele: "Huyu mvivu alikuwa akiwachukuza bakteria mizigo hewa!" Tulicheka na machozi yetu. Hata mama yako alicheka. Mtani msibani hakasirikiwi. Lakini matanga yalipoanuliwa, aliubeba utani ule hadi ofisini akaufanya ripoti. Utani gani huo unaopigwa muhuri?

Nilimfuata. Nikamuuliza aliwaotesha vipi bakteria wako. Akajidai: "Dada, ampisilini ya nini? Wanakua vizuri tu bila dawa."

Zuhura, nilitamani kumrarua. Hata mimi, mtu wa magazeti, ulinielewesha jikoni kwako kwa chapati moja. Plasmidi ni duara la DNA, ukasema. Hapa inaanzia kujinakili. Hapa pana jeni la kuhimili ampisilini, dawa inayoua bakteria. Hapa vimeng'enya hukata, na kwenye pengo hilo ndipo ulipopachika jeni la ule mkorosho wa Mtawanya usioshikwa na ugonjwa wa ubwiriunga. "Bakteria ni mvivu kama wewe," ukanichokoza. "Mzigo asiolazimishwa kuubeba, anautupa." Dawa ndiyo inayomlazimisha, maana asiye na plasmidi hufa. Bwana huyu aliiondoa, akahamisha bakteria sahani hadi sahani, wakautupa mzigo. Alipopima asione jeni, akakuita wewe mzushi.

Tangu uondoke, mama yako haulizi tena habari za maabara. Anaona haya. Hilo ndilo sitamsamehe.

Lala, shoga yangu. Nakuahidi nitamwandika mpaka jina lake mwenyewe limuwashe kama upupu. Msamaha aombe kwa Mungu. Kwangu hakuna.

Nanyi wajumbe wa kamati, mnaopokea nakala ya barua hii: mirija ya bakteria wa Zuhura iliyobaki kwenye friza, mliyoambiwa muitupe, msiiguse mpaka ioteshwe upya, kwenye ampisilini, na jeni lipimwe. Mama yake awepo, na mimi niwepo. Huyo bwana ashike sahani kwa mikono yake, atusomee kwa sauti kilichoota.