Picha ya Mama Uliyoipiga Wewe

Nyantakara, Biharamulo

Kwako wifi yangu Konsolata,

Habari za hapo Nyakisasa, habari za kucha na kushinda? Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako, na kaka Datius naye mzima, na kifua cha Gervas kimetulia baada ya zile baridi. Maharage mmeshavuna au bado mnayaangalia tu? Mimi huku sijambo. Mvua zimetugomea, barabara imekuwa unga mwekundu mtupu, na gari likipita mihogo ya watu inabadilika rangi. Lakini nakula, nalala, na kazi haijakauka.

Usishangae kupata karatasi wakati simu zipo. Simu yako ukiipokea unaweka sauti ya nje, na kabla sijamaliza salamu nyumba nzima inakuwa imeshaanza kunijibu. Haya ninayotaka kusema ni ya masikio yako peke yako. Barua nimempa mama mmoja anayekuja huko kununua maharage, ni mteja wangu na hana mdomo. Isomee shambani, usiisomee mezani.

Basi nianze. Wifi, nina wivu. Nimejaribu kuuita uchovu, nikauita malaria, nikanywa na dawa, haukuondoka.

Jumapili baada ya misa kaka alinitumia picha kwenye simu. Nikafungua nikidhani ni mtoto kapata ubatizo. Kumbe ni ukuta wa sebuleni kwetu. Pale ilipokuwa picha ya mama niliyoipiga mimi, ile amesimama mbele ya nyumba na kitenge cha rangi ya machungwa, sasa kuna picha nyingine ya mama, kubwa kuliko yangu, kwenye fremu ya kung'aa. Chini kaka kaandika, "Ona kazi ya wifi yako! Kila anayeingia anaiulizia." Akaweka na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Nilikuwa na mteja amekaa kwenye stuli anasubiri pasipoti saizi, nikamwambia umeme umekatika, arudi kesho. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake. Alinitazama, akaitazama taa, akaenda zake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kamera yako na yangu ni aina ile ile. Nani alimshauri kaka? Si mimi? Alinipigia akiuliza, "Nimnunulie mama Gervas kamera gani, asije akachoka kukaa?" Nikamwambia nunua kama yangu, ya katikati, si ile ya matajiri wa mjini wala si ya kuchezea watoto. Nikamweleza mpaka namba iliyoandikwa mbele. Moyoni nilijua utapiga watoto na kuku, halafu itarudi kwenye boksi lake, na siku moja mtaniambia, "Adelina, njoo uichukue, inakaa bure." Ndiyo, nilikuwa nimeshaitengenezea nafasi kabatini.

Mimi na yangu tumetoka mbali, wewe unajua. Betri yake siilaumu, inamaliza harusi nzima na siku ya pili bado ina nguvu. Lakini kanisani kukiwa na giza, lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, mbele, nyuma, kama mtu aliyepoteza ufunguo, na bwana harusi anakuwa ameshavisha pete. Vumbi la huku limeingia ndani mpaka kila picha yenye mbingu ina kidoa cheusi pale pale juu kulia, nakifuta kwenye kompyuta nimechoka. Shingo inaniuma kwa uzito. Na vijana wa siku hizi wananyoosha simu zao mbele yangu na kuniambia, "Dada, hii inatoa vizuri kuliko hilo lidude lako." Nimeivumilia kamera hii kwa mvua na jua. Nimejifunza kila kitufe chake, najua mwanga wa saa nne na wa saa kumi, najua namna ya kupiga gauni jeupe na uso mweusi kwenye fremu moja na vyote viwili vikaonekana.

Wewe je? Kaka ananiambia yako hujawahi kuitoa kwenye ile alama ya kijani, inajifanyia kazi yenyewe. Unaihifadhi kwenye kapu la karanga! Mkanda wake umeufungia kuni! Na mtu wa hivyo ndiye ametundikwa ukutani.

Nikaikuza picha yako kwenye kioo cha simu nitafute makosa. Nilitafuta kwa bidii, wifi, na nilipata. Nyumba imelala upande kama inataka kuingia migombani. Nguzo ya jiko imeota juu ya kichwa cha mama. Kuna kuku nusu. Na kosa kubwa kuliko yote, umekata miguu. Mama amekaa kwenye mkeka anachambua maharage, na picha imeishia magotini.

Umenifanya nimkumbuke marehemu fundi Baltazari aliyenifundisha kazi pale Ngara mjini. Yeye ujana wake alipigia picha Lukole, enzi za kambi ya wakimbizi. Watu walikuwa wamepotezana na ndugu zao njiani, na ikipatikana njia ya kutuma picha, mtu alisimama wima, mikono imenyooka, uso haucheki, miguu yote miwili chini. Picha ilikuwa ya kumwambia aliyeko mbali kwamba mimi ni mzima, sijapungukiwa kitu. Siku moja akakata miguu ya mwanamke mmoja kwa haraka. Picha ikafika kwa dada yake, na dada akalia wiki nzima akijua mwenzake amekatwa miguu. Tangu hapo fundi akawa mkali. Mwanafunzi akikata miguu anamnyang'anya kamera na kumpa fagio. Mimi lile fagio nililishika mara moja tu, sikurudia. Ndiyo maana picha zangu zote za mama zina miguu.

Sasa ya kwako haina miguu, na bado kila anayeingia anaiulizia. Nikajua kwa nini, hata kama sikutaka kujua. Mama anacheka. Si lile tabasamu la kuombwa, anacheka mdomo wazi, macho yamefinyika, na ana pengo upande wa kushoto. Konsolata, mimi sikujua kama mama ameng'oka jino. Limeng'oka lini? Nimempiga picha Pasaka, nimempiga kwenye kipaimara cha Gervas, nimempiga kila nilipokuja, na zote kafunga mdomo. Mimi ndiye mwenye studio, ndiye ninayeitwa fundi na watu wasionijua, na habari ya jino la mama yangu nimeipata kwenye picha ya mtu mwingine. Nisamehe, wewe si mtu mwingine. Lakini siku ile nilikuita hivyo.

Nikasema kama ni hivyo tu, hata mimi naweza. Siku ya mnada vijana wawili wa huku wakaniletea mama yao, bibi mmoja wa kabila la Wasubi, mwembamba, mkali kidogo, wapate picha ya kuweka nyumbani. Nikaweka pembeni mambo yangu yote ya fundi Baltazari. Nikamkalisha bibi kwenye mkeka nje ya duka, nikampa karanga achambue, nikachuchumaa karibu yake na kumsimulia jinsi mbuzi alivyoingia studio akala maua ya plastiki. Bibi akacheka. Nikapiga, nikapiga tena. Nilipotazama nyuma ya kamera nikajiambia, Konsolata ni nani?

Nikawaonyesha vijana. Mkubwa akageuza kamera huku na huku.

"Dada, hapa umekosea. Miguu ya mama iko wapi?"

"Ndiyo mtindo wa sasa," nikasema.

"Wajukuu watauliza kama bibi kakatwa na mashine ya kukoboa. Na huu mkeka? Kwetu viti vipo."

Bibi mwenyewe akaomba aone. Aliitazama kwa muda mrefu, nikawa na matumaini. Kisha akanirudishia kamera.

"Futa hiyo."

"Bibi, si umependeza?"

"Nimependeza, nimeona. Mimi nirikuwa nacheka na wewe, sikuwa napigwa picha. Huyo hapo ni bibi wa jikoni. Huyo wanamwona wa nyumbani tu. Wewe nipige wa sebuleni."

Akasimama, akapangusa kanga, akaomba viatu vyake kwenye mfuko, akavaa, akanyoosha mikono. Nikampiga wima na miguu yake yote miwili. Wakafurahi sana, wakaniletea na ndizi.

Wao walipoondoka nilifunga duka nikakaa ndani. Nikatoa picha zote za mama nilizowahi kusafisha, nikazipanga juu ya meza. Wifi, kwenye kila picha mama yangu amevaa viatu. Vile vyeusi vya kanisani, vyenye kifungo. Nikakumbuka tunavyofanya. Mimi napiga simu siku mbili kabla, "Mama, nakuja." Nikishuka kwenye pikipiki nakuta uwanja umefagiliwa, mama ametoa kitenge sandukuni, ameoga, amevaa viatu, amekaa kwenye kiti, mtoto ametumwa soda. Ananiambia, "Karibu, karibu sana, pole na safari." Hajaniambia hata siku moja nishike kisu nimenye ndizi. Nikiingia jikoni ananitoa, "Utachafuka, mwanangu, kaa na kaka yako." Mimi nilikuwa najivunia! Nilijua napewa heshima ya mtu aliyefanikiwa.

Na wewe anakwambiaje? Nimesikia kwa masikio yangu. "Wewe mama Gervas, una wazimu na hiyo mashine yako? Njoo ushike ungo!" Anakupigia kelele asubuhi hadi jioni. Mnagombana juu ya chumvi. Umekaa naye kwenye mkeka ule ule, ukanyanyua kamera bila kumwambia asimame, naye akakuchekea wewe, kwa sababu ni wewe. Kamera ilikuwa katikati tu. Hata kama ningekuja na ile ya matajiri wa mjini, mama angevaa viatu.

Hapo wivu wangu haukupungua, usijidanganye. Ulikuwa wa picha, sasa umekuwa wa mkeka, na wa mkeka unauma zaidi. Mimi ndiye niliyezaliwa na yule mama. Nilinyonya pale. Nikaondoka kutafuta, nikapata, nikarudi kila mara na zawadi na kamera shingoni, na kidogo kidogo nikawa mgeni machoni pa mama yangu, wala hakuna aliyenitangazia. Ulipoolewa ulikuwa unaogopa hata kula mbele yake. Nakukumbuka. Leo unajua meno yake.

Kwa hiyo picha iacheni pale pale ukutani. Mwambie kaka sijanuna, au mwambie nilinuna na nimemaliza, vyovyote. Ile yangu msiitupe. Itundikeni chumba cha wageni, ndiko inakostahili, na hapo unaruhusiwa kunicheka.

Noeli nilisema siji kwa sababu ya harusi na komunyo. Siingoji Noeli. Wiki hii mama wa maharage akishafika kwako na barua hii, ujue na mimi nafunga duka nakuja nyuma yake, siku ya kazi, katikati ya wiki, wakati mna majivu mikononi. Kamera naiacha Nyantakara. Usinichinjie kuku na usifagie. Nitapitia njia ya nyuma, ya migombani, na ukiniona usipige kelele ya kunikaribisha.

Nisalimie kaka Datius, umpe shikamoo yangu na umwambie vikatuni vyake nimeviona. Nisalimie Gervas na wadogo zake, shangazi yao anawapenda hata bila biskuti. Nisalimie baba mdogo wa ng'ambo ya kijito na mkewe, shikamoo zao wote wawili. Nisalimie na katekista, mwambie zile picha za kipaimara alizonidai zipo, kidoa nimekifuta.

Mama usimsalimie. Akisikia salamu zangu atauliza zimefikaje, atajua nakuja, na ataanza kutafuta viatu.

Ni mimi wifi yako mwenye wivu,
Adelina