Baiskeli Yangu Mliyoikata

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepata nafuu. Mama naye hajambo? Sisi huku hatujambo, ila mimi nina hasira, na nisipoitoa itanipasua. Ningepiga simu, lakini kwenye simu huwa unanikatiza. Barua utaisoma mpaka mwisho.

Unaijua baiskeli niliyojinunulia nilipoajiriwa kusoma mita za maji. Mitaa yangu yote nilikuwa naimaliza jua halijawa kali, huku wenzangu wakiburuta miguu. Mwezi uliopita natoka dukani, naikuta kwenye karakana ya mkweo imekatwa katikati. Nusu yake ameichomelea kwenye baiskeli yake, limekuwa dude refu kama ngazi, lenye viti viwili. Akavua miwani yake ya kuchomelea, meno yote nje, akaniambia hiyo ni zawadi. Kuanzia sasa atanipeleka kazini na kunirudisha yeye, tuonekane mke na mume.

Basi tukaanza kujifunza kwenye uwanja wa shule, yeye mbele, mimi nyuma. Usukani wa nyuma haugeuki, ni wa kushikilia tu. Breki zote ziko kwake. Pedali zimeunganishwa kwa mnyororo, akikanyaga nakanyaga, akiacha naacha, na njia nzima ninachokiona ni mgongo wa shati lake. Kona anakata bila kusema. Tuliangukia mtaroni, tukaangukia ua wa mwalimu mkuu, na kila tukianguka kosa langu, eti naegemea upande usio wake. Nikamwambia kama anataka mzigo usioegemea popote, akafunge gunia la saruji.

Na kazini je? Ananishusha getini, anakwenda zake kuchomelea madirisha ya watu, mimi nazunguka kwa miguu mpaka jioni. Msimamizi ameshanionya kwamba nikiendelea kuchelewa atanitafutia mbadala. Mkweo anasema si neno, atanilisha yeye.

Sitakuficha, mwishowe tuliweza. Jumapili tulishuka mteremko wa shule bila kuyumba, miguu inakwenda pamoja, nikajikuta nacheka kwa sauti. Nilikuwa nimeanza kumsamehe, baba. Tulipofika tambarare, kwa ile furaha yake, akaropoka kwamba hata wewe ulisema nitazoea tu. Kwamba kabla ya kuikata alikupigia kukuomba ruhusa, nawe ukamjibu kwamba mke ni wake na vya mke ni vyake.

Nikakaza miguu, na yake ikagoma papo hapo. Alisukuma, akafoka, mwendo ukaisha, tukaanguka wote wawili. Mara hiyo kosa lilikuwa langu kweli.

Kwake nilikasirika. Kwako niliumia kwanza, kisha nikakasirika zaidi. Mmekaa wanaume wawili mkaijadili baiskeli niliyoitolea jasho, mkamalizana, na mimi nipo hai, nina akili zangu.

Sasa nikwambie nililofanya, ulisikie kwangu kabla hajakushtakia. Jumatatu nilikaa kiti cha mbele nikaondoka na dude hilo peke yangu. Linayumba, kwenye kona linataka barabara nzima, na watoto wananiuliza mwenzangu nimemwangusha wapi. Lakini mita zangu nilizimaliza mapema. Tangu siku hiyo yeye anakwenda karakana kwa miguu. Nilimkaribisha kiti cha nyuma. Alikaa mara moja, na hatujamaliza hata uwanja akaomba kushuka, eti haoni mbele.

Jana alikuja mpole, akasema ataikata tena, kila mtu abaki na yake. Nikamuuliza safari hii kwa ruhusa ya nani. Akanijibu nisiwe na wasiwasi, wewe baba umeshakubali.

Baba, akikupigia tena, mwambie mwenye baiskeli anaishi naye nyumba moja, amuulize yeye. Mama nisalimie sana, na barua hii umsomee kwa sauti, usiruke kitu.

Ni mimi binti yako, anayekupenda na ambaye hasira bado hazijamwisha.