Bodi ya Mabati

Jumatatu, 7 Juni 1976
Barua ya wizara imefika. Bodi za vyuo vya harambee zibadilishwe: mwenyekiti awe mhandisi, pamoja na nusu ya wajumbe, na silabasi ipangwe na walimu. Tusipokubali kufikia Jumamosi, wanafunzi wetu thelathini na mmoja hawatasajiliwa kwa mtihani wa Novemba. Sawa kabisa! Miaka minne nalilia jambo hilo hilo. Lakini kila mzee hapa alipata kiti cha bodi kwa kuchangia mabati. Na mwenyekiti ni Mzee Gicheru, baba mkwe wangu. Nimechoka hata kabla ya kuanza.

Jumanne, 8 Juni
Baridi. Darasa la umeme halikusoma tena. Mwalimu wao aliajiriwa na bodi kwa kuwa ni mzee wa kanisa na anatengeneza redio sokoni Wamagana. Redio anaziweza. Hesabu — hapana! Watiri wa Kiriaini, msichana pekee darasani, amenizuia mlangoni: "Mwalimu, mtihani iko ama haiko?" Nikasema iko. Nani alinituma?

Alhamisi, 10 Juni
Nimemwendea Mzee. Mtu habishani na mkwe wake, kwa hivyo nilizunguka sana — kahawa, mvua, ng'ombe. Alinielewa mapema. Ati mabati ya karakana aliyabeba kwa mgongo kutoka barabarani. Hao wahandisi walikuwa wapi? Kweli, bila yeye tungefundisha tukinyeshewa.
Nyumbani mke wangu Wamucii hakupandisha sauti. "Ukitoa baba, utaenda kuambia mama wewe mwenyewe. Mimi siko."

Jumamosi, 12 Juni
Naandikia karakanani, mapumziko ya chai. Mkutano tangu saa tatu. Mzee Ngatia, mmoja wa wajumbe, ametaka barua isomwe mara ya tatu — kana kwamba itabadilika! Wajumbe sita wamepiga kura: watatu wanakubali mabadiliko, watatu wanakataa. Mwenyekiti hapigi. Imebaki yangu, mkuu wa walimu. Kwa kuinua mkono, mbele ya wote. Naogopa.
Wanafunzi wako nje kwenye ukungu. Wote wamekuja, na ni Jumamosi.
Mzee Gicheru amenifuata hapa na birika. Amenimiminia chai mwenyewe — hajawahi! Nilidhani atataja kura. Ameuliza kama mtoto wetu amepona kikohozi. Nikasema bado. Ati jioni atatuletea asali.
Sasa wanatuita ndani. Yeye bado amesimama mlangoni, ananingoja nimalize kuandika.