Leseni ya Wafula

Jumatano. Mvua haijakatika tangu alfajiri hapa Likuyani, na barabara ni tope tupu. Nina hasira tangu jana.

Juma lililopita redio ilitangaza kwamba kuna mswada unaopelekwa bungeni: asiye raia hatapewa leseni ya kuendesha gari, na aliye nayo atanyang'anywa. Wanaume dukani walicheka, wakidhani wanaosemwa ni Wazungu na Wahindi. Mimi sikucheka. Mume wangu Wafula ndiye dereva wa lori la mahindi la chama chetu cha ushirika, na alizaliwa Tororo, upande wa Uganda, akaletwa huku mgongoni kabla hajaota meno. Kazi nyingine haijui.

Jana alikwenda ofisi ya serikali Kakamega kuuliza mapema habari za uraia wake. Hakubeba cheti, maana hana. Alibeba watu: bakoki wake wanne, wanaume waliotahiriwa naye hapa hapa, asubuhi moja, kwa kisu kimoja. Kwetu hakuna ushahidi wa uenyeji unaoupita huo. Wakajipanga mbele ya meza na makoti yao ya kanisani.

Karani, mtu wa huku huku kwetu, akainamisha macho. "Ndugu yangu, hapa hatuandikangi mambo ya kisu. Leta cheti ya kuzaliwa."

"Kwani wewe ulitahiriwa na cheti?" Wafula akamuuliza.

Enzi za Mzungu aliendesha trekta kwenye shamba hili hili tunaloishi sasa, miaka mingi, na hakuna aliyemuuliza alizaliwa wapi. Leo bendera ni yetu, na Wafula ndiye mgeni. Uhuru gani huu?

Lakini acha nikiri. Mimi ni mwalimu, na fomu za majirani wote za kujiandikisha serikalini huzijaza mimi. Nimewaandikia watu watatu kwamba walizaliwa Kakamega, nikijua vizuri kwamba si kweli. Zamu ya Wafula ilipofika niliona haya kudanganya kwa ajili ya mume wangu, nikaandika Tororo. Jana karani aliitoa fomu hiyo kwenye faili akamwonyesha.

Mwandiko ni wangu.

Wafula hajanilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Afadhali angefoka.

Ijumaa mbunge wetu atahutubia sokoni. Nitasimama niseme kwamba niliyeandika Tororo ni mimi, kwamba ni kweli tupu, na nimuulize kosa la mume wangu ni lipi. Wale watatu watakuwepo. Je, watasimama nami, au watatazama viatu vyao?